Mume wangu anachanja kuku wa kijiji kizima, mwanangu amemkatalia chanjo

Jina langu lisitokee popote, na majina ya watoto nimeyabadilisha. Nina miaka thelathini na mmoja, mkulima wa alizeti, kijiji kimoja si mbali na Iguguno. Nina watoto wawili: Neema ana miaka sita, Elia anatimiza miezi tisa wiki hii. Sitafuti huruma. Nataka jibu kabla ya Jumatatu.

Mume wangu ndiye mchanjaji wa kuku wa kijiji chetu. Alifundishwa na bwana mifugo, na kazi anaijua. Kila baada ya miezi mitatu anapita nyumba kwa nyumba asubuhi kabla kuku hawajafunguliwa, chupa ya chanjo ya kideri kaifunga kitambaa kibichi ndani ya kikapu isipate joto. Tone moja kwenye jicho la kila kuku, kuanzia jogoo mpaka kifaranga. Akikuta mama kaficha matetea wawili uvunguni, hamwachi. Anamwambia, "Mama, hawa uliowaficha ndio watakaoua wa jirani yako." Watu wanamwita Dokta. Zamani kideri kilikuwa kinamaliza mabanda kila kiangazi, na sasa hatuzoi mizoga tena. Hiyo ni kazi yake, simnyang'anyi.

Neema alipofikisha miezi tisa mimi nilikuwa kitandani na malaria, kwa hiyo mume wangu ndiye aliyempeleka zahanati kuchanjwa surua. Alikuwa amechelewa wiki mbili. Nesi, mama mwenye utani na kila mtu, alimwona kwenye foleni akasema, "Dokta wa kuku, leo umetuletea kifaranga gani? Tarehe za kuku unakumbuka, ya mwanao umesahau." Foleni nzima ikacheka. Mume wangu akageuka na mtoto mkononi, akarudi naye nyumbani hivyo hivyo. Jioni hiyo akasema hakuna mtu wa nyumba yake atakayechomwa sindano pale tena. Maneno kwamba sindano zinaharibu uzazi aliyapata baadaye, kwenye sauti zinazosambazwa kwenye simu. Nataka mjue mpangilio: kwanza alichekwa, halafu ndipo akatafuta sababu. Nesi naye simsamehe. Angemchanja mtoto kwanza, utani ungefuata.

Mimi nilinyamaza. Nilijiambia hasira zitaisha, tutarudi mwezi ujao. Ikapita miaka mitatu na zaidi.

Neema alipougua surua alikuwa na miaka minne. Homa, kikohozi, macho mekundu, siku ya nne vipele vikaanzia nyuma ya masikio. Mama mkwe akaamuru afungiwe chumbani na asiogeshwe, ili vipele vitoke vyote. Nikatii tena. Siku ya saba akashindwa kufungua jicho la kushoto. Tulipofika hospitali, daktari alisema kovu limeshika kwenye kioo cha jicho na jicho hilo halitaona. Akafungua kadi ya kliniki ya Neema, akaweka kidole kwenye nafasi ya surua iliyokuwa tupu, akaniangalia. Afadhali angenitukana.

Njiani wakati wa kurudi mume wangu alinipangia cha kusema: mtoto kachomwa na bua la alizeti akicheza shambani. Kwa kuwa alifungiwa ndani siku zote hizo, hakuna aliyejua ukweli. Nimelisema hilo bua kanisani, gulioni, hata kwa mama yangu mzazi. Hadi leo watu wananipa pole ya bua.

Sasa ni zamu ya Elia. Zaidi ya chanjo aliyopata siku aliyozaliwa, hajapewa nyingine yoyote, na surua imeanza kusikika vijiji vya jirani. Wauguzi wanakuja Jumanne kuchanja watoto ofisi ya kijiji. Juzi nilimwambia mume wangu kwamba nitampeleka. Hakupandisha sauti. Alinijibu kwa Kinyiramba, lugha anayotumia akiwa ameshaamua, kwamba nikimpeleka nisirudi nyumbani kwake.

Nikamuuliza, "Baba Neema, kuku ungemwacha hivi?"

"Kuku akifa mkononi mwangu najua nimekosea wapi," akasema. "Mtoto wakimharibu wao, nitamshika nani?"

Nikamwambia Neema ameshaharibika, na aliyemharibu tunamjua, ni sisi wawili. Akasema, "Nenda na huyo mdogo. Neema anabaki kwa mama yangu."

Kadi ya Elia ameichukua. Nimeiona ilipo: kwenye kikapu kile kile cha chanjo ya kuku.

Dada yangu anasema nimpeleke kimya kimya. Haiwezekani. Mtoto wa Dokta anajulikana, na taarifa itafika nyumbani kabla yangu. Lakini ipo njia nyingine. Jumatatu, kabla ya kuanza mzunguko wake, atawakusanya wanawake kama kawaida na kuwaambia kwamba aliyefichwa ndiye atakayeua wa jirani. Nitakuwa hapo, Elia mgongoni, Neema ameshika kanga yangu. Naweza kusema mbele ya wote kwamba halikuwa bua. Ataaibika kuliko siku ile ya nesi. Huenda akaachia kadi, na Neema pia. Huenda pia wanawake wasimwamini tena, wafiche kuku wao, kideri kirudi, na lawama ziwe zangu. Au nikae kimya, halafu Jumanne niondoke na mtoto mmoja na kumwacha mwingine kwa yule bibi aliyemfungia chumbani.

Mwenye neno la kuniambia nivumilie abaki nalo. Nilivumilia, na jicho la mwanangu halipo. Ninyi wengine nijibuni: Jumatatu nifungue mdomo, au ninyamaze mpaka Jumanne?