Nyumba Isiyo na Kaburi

Zriii, kisha tap! Ndivyo utepe wa chuma wa mpimaji ulivyojirudisha ndani ya mkebe wake, nje ya dirisha letu pale Shieywe, siku wageni wa dada yangu wameketi sebuleni na chai haijapoa. Mpaka leo nikisikia fundi akipima mbao, uso unaniwaka.

Nyumba ilikuwa ya mama. Ardhi iliyo chini yake haikuwa. Ilikuwa ploti ya manispaa, ya kukaliwa kwa miaka iliyoandikwa. Baba alipokufa na ndugu zake wakamwondoa mama kijijini kwao Iguhu, alinunua miaka iliyobaki, akajenga tofali kwa tofali akiuza maandazi. Zamani, muda ukiisha, ungeweza kuambiwa asante, na nyumba ikabaki na ardhi. Lakini mwaka ule masharti yalibadilika: aliyejenga nyumba ya kudumu angeomba kuongezewa miaka mapema, mradi ploti ipimwe upya. Mama aliongezewa baadaye, kwa jina lake mwenyewe. Habari yangu si hiyo.

Mimi nilifurahi kama niliyepewa mji mzima. Shule niliachia darasa la nane, ndoto sikuziacha. Nilishapanga baraza ya mbele, maua ya waridi, hata mahali ambapo wajukuu wa mama wangechezea.

Mama naye akapata ujasiri wa kufanya jambo ambalo kwetu halifanywi. Mahari hupokelewa kwenye boma la baba wa msichana, alikozikwa. Yeye akawaita watu wa kijana aliyemposa dada waje Shieywe.

"Mimi ndiye niliyemlea," alisema. "Watanikuta kwangu."

Basi wakaja, wakiongozwa na baba mdogo wa kijana, mkulima wa mahindi kutoka Lugari, mtu wa utani na tumbo la kutosha. Aliusikia ule utepe, akachungulia dirishani.

"Huyo anapima nini, mama? Mnataka kutuuzia ukuta?"

Tulicheka wote. Nadhani mimi nilicheka kuliko wote.

"Ni fundi tu," mama akasema. "Tunaongeza chumba."

Sikuwahi kumsikia mama akidanganya. Nikatazama vidole vyangu. Na hapo hapo mpimaji akaingiza kichwa mlangoni, kijana mpole asiye na ubaya wowote.

"Mama, nimemaliza. Wakikubali, utaongezewa miaka. Ila yale masharti mengine ni yale yale: hapa hakuna kufuga ng'ombe, hakuna kuzika mtu."

Vikombe vikawekwa chini.

"Kumbe hapa mnakaa kwa ruhusa," mzee wa Lugari akasema.

"Nyumba ni yangu, baba."

"Nyumba tunaiona, na ni nzuri. Boma ndilo tunatafuta. Ng'ombe wetu tutawafunga wapi? Kwa mlango wa manispaa?"

Vijana waliokuja naye wakaziba midomo wasicheke.

"Sheria imebadilika," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Wananiongezea miaka. Mjukuu wangu atakaa hapa."

"Miaka ni kitu kizuri, mama. Lakini sheria ikikuongezea miaka, inakuongezea kaburi? Baba ya huyu msichana analala wapi?"

Mama alikunja kona ya leso yake, akaikunjua.

"Iguhu."

"Basi sisi tumekosea njia tu."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Walisimama kwa heshima, wakampa mama mkono mmoja mmoja, wakatoka kwenda kwa wale wale waliomfukuza. Ndiko mahari ingezungumzwa. Dada alitakiwa aende nao. Mama hakuna aliyemwita.

"Nenda, mwanangu," mama akamwambia. "Na usilie, utaharibu poda."

Majirani walikuwa kwenye ua, wamejipanga kuona wageni. Waliona wageni wakiondoka kabla ya chakula. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, nikakumbuka hata hiyo ya kupasuka haikuwa yetu.

Mama alitoka kumsindikiza mpimaji mpaka barabarani, akimshukuru, mgongo umenyooka. Nikabaki jikoni peke yangu na sufuria ya ingokho, jogoo mzima ambaye hakuna aliyemgusa. Kwetu firigisi haiwi ya mwanamke. Huwekewa mwenye boma, na mwenye boma ni mwanamume. Nilifunua sufuria, nikaitafuta kwa upawa chini ya mchuzi, nikaiweka kwenye sahani ya mama, juu ya obusuma, ugali wetu, nikaifunika isipoe.