Gauni Nililolikata kwa Mdomo

Hili sikusimuliwa. Nilikuwepo mwenyewe Nyasho, kwa fundi cherehani, benchi moja na akina mama wanabishana kuhusu wale wachumba wawili wa kwenye tamthilia ya runinga ya enzi za wafalme. Jumapili wataoana kweli? Bibi harusi atavaa nini?

"Ndoa gani, na ng'ombe hajapelekwa hata mmoja!" mmoja akasema.

Binti anayeolewa Kiriba wiki inayofuata akakishika kitambaa chake cheupe. "Fundi, usikate. Nataka gauni kama la yule. Subiri nilione."

"Nikisubiri, utaolewa gauni limeshikizwa kwa pini."

Mimi huwaga sinyamazi. "Kata, fundi! Mikono mpaka vidoleni, kola mpaka kidevuni. Nimeshaliona kwenye simu."

Simu yangu ni kitochi, haioneshi hata picha, ila hakuna aliyeuliza. Fundi akakata.

Jumapili yule wa kwenye runinga akatokea mabega wazi.

Kiriba harusini nilienda, nikakaa nyuma ya spika. Binti alikuwa amebanwa shingo, jasho linamtiririka, msimamizi anampepea kwa kadi ya mwaliko. Aliponiona akacheka, akasema, "Mzee, nimekusamehe."

Hapo kwenye kucheka na kusamehe nimetunga. Kuniona, aliniona.