Kumpelekea Elia Uboho wa Dada Tabitha

Mtu akikupa kitu ambacho huwezi kumrudishia hata ukiishi mara mbili, unapaswa kumshukuru mpaka lini? Nimesoma falsafa chuo kikuu, nimefikia umri wa kutafuta miwani iliyo usoni, na swali hilo bado linanishinda. Lilinishinda zaidi Jumatano ile nilipolazimika kutoka Mkuza, hapa Kibaha, kwenda Kisarawe kumbembeleza mdogo wangu akubali kutibiwa.

Elia anaumwa saratani ya damu. Daktari wake, binti mpole aliyetuchorea mfupa kwa kalamu ya bluu, alitueleza kwamba ndani ya mifupa mna uboho, na humo ndimo seli mama huzaa damu yote ya mwili. Kwa Elia uzazi huo uliharibika: uboho ukawa unamwaga seli nyeupe changa zisizojua kazi, zikajazana mpaka seli za maana zikakosa nafasi. Dawa kali za dripu ziliupiga ugonjwa hata vipimo visiuone tena, lakini saratani ya aina yake ina tabia ya kurudi. Kilichobaki ni kuusafisha uboho wake kwa dawa, kisha kumpandikizia seli mama za ndugu anayelingana naye. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Tulipimwa. Mimi nilikosa. Aliyelingana naye kwa kila kipengele ni dada yetu mkubwa, Tabitha wa Kongowe.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Dada Tabitha hajawahi kumnyima mtu kitu, wala hajawahi kumpa mtu kitu asimsimange. Chumvi aliyokupa mwaka juzi utaisikia ikitajwa kwenye harusi ya mwanao. Hospitali ilikuwa imemtengea Elia kitanda kuanzia Alhamisi asubuhi, na wote wawili walitakiwa kufika. Jumanne jioni Elia akanipigia. "Kaka, waambie kitanda wampe mwingine," akasema, kisha akazima simu.

Saa mbili asubuhi nilifika Kongowe. Dada alikuwa uani, amevaa gauni lake la ibada, amekalia begi.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umechelewa, na mwenye mifupa ni mimi."

Tulipoingia barabara kuu nilijaribu kumwandaa. Nilimwomba, kwa lugha ya adabu niliyoipanga usiku kucha, kwamba tukifika asiutaje uboho wake kwa namna ya kumkumbusha mtu fadhila.

"Mimi nimemkumbusha nani fadhila?" akashangaa kwa dhati. "Hata wewe na shahada yako nimenyamaza siku zote. Unadhani iliota yenyewe? Nani alikuwa anakupikia uji wa kwenda shule?"

"Wewe, Dada."

"Basi endesha."

Kiluvya tuliiacha lami tukaingia njia ya vumbi inayopanda kuelekea Kisarawe. Mikorosho ilikuwa imepauka kwa vumbi kama imepakwa unga. Kwenye mteremko mmoja tulimkuta dereva wa bodaboda, mzee mwenye mvi, akisukuma pikipiki yenye pancha huku jasho likimchuruzika. Dada aliniamuru nisimame, akamkabidhi chupa yake ya maji.

"Kunywa, baba. Ila ujue hayo ndiyo yalikuwa maji yangu ya safari."

Mzee akaishusha chupa kutoka mdomoni. "Basi chukua, mama."

"Kunywa! Nani kasema nayataka? Mimi nitavumilia kiu, nimezoea."

Mzee alikunywa taratibu, akamtazama, akanitazama mimi kwa huruma. "Mama, maji yako ni baridi," akasema, "lakini yanakwama kooni."

Dada alicheka kuliko sisi wote. Nikaanza kuhofia kwamba anaujua ugonjwa wake wa kusimanga na anaupenda.

Saa sita tulifika kwa Elia, nyumba ndogo iliyo ubavuni mwa kilima, nje kidogo ya mji. Mkewe, Neema, alitulaki na ndoo ya maji, sabuni na barakoa. Kinga ya mumewe ilikuwa bado dhaifu baada ya dawa, hata mafua ya mgeni yangeweza kumlaza, kwa hiyo alikuwa amefunga kanga kukatisha mlango na kupanga viti vya wageni barazani. Wanakwaya wa usharika waliokuja kumjulia hali siku iliyotangulia walilazimika kuimba kutoka barabarani.

Elia aliketi nyuma ya kanga, amekonda, amevaa kofia ya sufu katika joto lile. "Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Nimetoka Kongowe na mifupa yangu, na mnaniweka nje kama muuza samaki."

"Umesikia, kaka?" Elia akanigeukia. "Na bado hajanipa!"

Nikamkumbusha kwamba kitanda kinamsubiri hadi kesho tu. Akakubali kwamba anajua. Kisha akajitetea kama wakili.

"Daktari alisema kundi langu la damu litageuka liwe la Dada. Alisema damu yangu ikipimwa vinasaba, itasoma mwanamke. Nikimenya muhogo nikajikata, inayotoka ni ya Dada! Nitamweleza nini? Atasema namwaga mali yake."

"Na utaimwaga," Dada akasema. "Nakufahamu."

"Bora ile tiba nyingine. Nitumie seli zangu mwenyewe."

Alikuwa akisema juu ya tiba ambayo seli za ulinzi za mgonjwa hutolewa, hubadilishwa maabara ili ziitambue saratani, kisha hurudishwa mwilini kuiwinda. Ilibidi nimrudie maneno ya daktari: tiba hiyo imewafaa baadhi ya wagonjwa wenye aina nyingine za saratani ya damu, katika nchi zenye maabara hizo, lakini kwa aina yake yeye bado inatafitiwa.

"Yaani seli zake ziende shule?" Dada akauliza. "Yeye mwenyewe shule nilimpeleka kwa fimbo."

Elia akatoa hoja aliyokuwa ameihifadhi. "Na hili hamlisemi. Seli za mtoaji zikishaingia zinaweza kumwona mwenye mwili kama mgeni, zikamshambulia ngozi, tumbo, hata ini. Kaka, hata seli zake zitanisimanga!"

Neema alicheka ndani ya barakoa mpaka akashika nguzo. Alipotulia, alimtazama mumewe. "Malizia, Baba Joshua. Daktari hakuishia hapo."

Elia akaivuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, Neema akamalizia mwenyewe.

"Alisema seli hizo hizo, kwa ukorofi huo huo, ndizo zinazosaka mabaki ya saratani yaliyojificha dawa isiyafikie. Zikiwa pole mno, ugonjwa hupata mwanya wa kurudi. Ukorofi ukizidi, zipo dawa za kuutuliza, japo si kila mara zinafaulu." Akamgeukia Dada. "Wifi, wewe hufichwi kitu. Ukiingia jikoni mwangu unajua kijiko kipi kimehama."

Dada alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Leteni Biblia," akasema. "Naapa mbele yenu. Nikishampa, sitalitaja tena."

"Usiape, Dada," Elia akajibu. "Utakivunja kiapo kabla hujafika Kiluvya." Alicheka, kisha kicheko kikamwishia. "Si masimango tu. Naogopa. Zikikataa kushika, utakuwa umetoa bure, nami sitakuwepo hata wa kukusikiliza."

"Sasa ukifa nimsimange nani?" Dada akafoka. "Marehemu hasimangwi, ni mwiko. Huyu kaka yako nimemsimanga mpaka amekuwa sugu. Nataka wewe. Nataka nikusimange mpaka meno yaniishe!"

Kuku wa jirani alipita barazani, akatutazama, akaondoka. Elia aliishika ile kanga kwa vidole viwili.

"Basi kesho tutakwenda," akasema.

Jioni, tukila wali na mchicha barazani, Dada aliniuliza watamkata mfupa upi. Nilimweleza kwamba atachomwa sindano kwa siku chache ili seli mama zitoke kwenye mifupa ziingie katika damu, kisha mashine itazichuja kupitia mshipa wa mkono huku yeye ameketi.

"Mfupa hawaugusi kabisa?"

"Hawaugusi."

Alionekana kuvunjika moyo. Sindano, nadhani, aliona hazina uzito wa kusimangia.

Nami nilijifunza jambo ambalo chuo hakikunifundisha. Nilikuwa nimedhani kwamba kupokea ni kazi ya mnyonge, anayekaa tu akapewa. Siku ile niliona kwamba Elia ndiye aliyebeba mzigo mzito zaidi: kukubali kudaiwa asante ya maisha, na mdai mwenyewe ni Dada Tabitha. Kama upandikizaji utashika, hakuna aliyetuahidi.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, Elia aliinama akapita chini ya kanga, barakoa usoni, begi mkononi. Neema alikuwa ameshafungua vioo vyote vya gari. Dada alikuwa amesimama kando ya mlango wa mbele, ameushikilia.

"Kiti cha mbele nakaaga mimi," akamwambia. "Leo nimekuachia."

"Asante, Dada," Elia akasema, akaingia, akafunga mkanda.