Isale lilivyomtoa mama yangu kwenye moshi

Wakuu, habari za muda huu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Mama yangu yuko Rombo, kwenye migomba na kahawa yake. Amepikia kuni tangu aolewe. Miaka yote anakohoa, sisi tunasema ni baridi ya mlima.

Ikafika hatua hawezi kupanda hadi kanisani bila kukaa njiani. Akaacha kwenda misa. Mama yangu aache misa! Nikaogopa kweli.

Nikamshusha Moshi mjini. Hospitalini akapuliza mashine ya kupima pumzi, akatolewa damu. Daktari akasema mapafu yameharibiwa na moshi, ugonjwa hauponi kabisa ila unatulizwa. Kuna kipimo cha damu kinaitwa CRP, kinaonyesha mwili unawaka kiasi gani kwa ndani. Cha mama kilikuwa juu.

"Pumzi hii na damu hii, hali si nyepesi. Inhaler, dawa ya kuvuta kwa mdomo, nampa, lakini moshi basi," daktari akamaliza.

Mama akaitikia vizuri. Kufika Himo tu, njiani kurudi, akaanza habari za pombe yetu ya ndizi: "Mbege ya Krismasi atapika nani? Mke wako wa gesi?"

Nyumbani akarudi jikoni kama kawaida. Nikafoka, nikabembeleza, nikanuna. Wapi!

Kwa wasio Wachagga: isale ni jani la mmea tunaopanda mpakani mwa shamba. Ukimpelekea mtu kuomba msamaha, hakatai. Nikachuma moja, nikalifunga fundo, nikapiga magoti mlangoni pa jiko.

"Shikamoo mama. Nisamehe nilivyokufokea. Na nakuomba utoke humo."

Akalitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Umeniweza, mjanja wewe." Akalipokea, akatoka jikoni.

Mbege akapika mke wangu. Mama kakaa mbali kwenye kahawa anapiga kelele: "Koroga! Huo si uji wa mtoto!" Raha tupu.

Tuliporudi kupima, CRP ilikuwa imeshuka na pumzi ina nafuu. Nilitoa machozi pale kwenye benchi, sioni aibu kusema.

Krismasi tukaenda misa kwa miguu. Mimi na kitambi changu cha Dar nikaachwa. Nafika juu nahema, namkuta kaegemea geti la kanisa, kitenge kimetulia.

"Pole baba. Safari ijayo twende wote, nawe ukapimwe."

Nilichojifunza: mzazi akikohoa msisingizie baridi, mpelekeni hospitali. Nanyi mliwatoaje wazazi wenu kwenye kuni? Leteni mbinu, mimi niko hapa kwenye foleni ya maabara, mama ndiye aliyenisindikiza.