Herufi Mbili za Daktari

Miaka ile ya Mwingereza nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati moja huko Temeke, nina jipu mkononi. Pembeni yangu walikaa mtu na mkewe. Mume alikuwa mpishi wa Mzungu, amekonda, akikohoa ndani ya leso.

Daktari alimpima, akamwambia dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, maneno machache kwa Kiingereza, akaondoka. Mke alidaka neno moja tu.

"Umesikia? Kasema tibii. Basi wanatibu." Akamfuta mumewe jasho kwa pindo la khanga, huku anatabasamu.

Dresa akasita. "Mama, hicho si Kiswahili. Wazungu jina likiwa refu hulikata, wakabakiza herufi za mwanzo. Ti na bii. Maana yake..."

Mume akamshika mkono. Jikoni kwa Mzungu wake alishajifunza Kiingereza cha kutosha. "Bwana dresa, hilo niachie mie. Nitamwambia nyumbani."

Mke akatangulia nje, akiwaeleza wagonjwa wenzetu kwamba mumewe atatibiwa. Mume akauliza kwa sauti ya chini, "Nile kwenye chombo changu peke yangu?"

Dresa akaitikia kwa kichwa.

"Na watoto nisilale nao?"

Akaitikia tena.

Kifua kikuu kilimchukua kabla masika hayajaisha. Tangu hapo nimejifunza vifupisho vingi vya Kiingereza, na wanaovitumia huniambia vinaokoa muda. Huenda. Kile kimoja kilimpa mama yule furaha ya njia nzima, kutoka zahanati mpaka mlangoni kwake.