Kuinyoosha Landrova ya Baba

Mama alivunjika nyonga ya kulia akiwa kwake milimani. Akatibiwa, kisha tukamleta kwangu hapa Same apone taratibu. Alipoanza kutembea na fimbo alitutangazia mezani, mimi na mke wangu, kwamba anarudi kwake, na gari la kumpandisha ni landrova ya marehemu baba. Basi la abiria hataki, maana halimsubiri mtu anyooshe mguu. Teksi hataki, maana ni teksi.

Shida ni kwamba landrova ilikuwa imelala nyuma upande wa kulia, kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Ukikaa humo, uzito wote unakwenda kulia, na kwa mama kulia ndiko kwenye nyonga.

"Siku likikaa sawa, tunaondoka," alisema, akaendelea kula.

Ndugu zangu wakapiga simu kutoka mjini. Kaka mkubwa alinishauri nisiwe na haraka: gari likiendelea kuinama, mama atazoea Same na habari ya milimani itakwisha yenyewe. Nilimwelewa. Hata mimi nilipenda kuamka nikamkuta jikoni anabishana na mke wangu juu ya chumvi. Nyumba ilikuwa imechangamka, na nilijua akiondoka nitaumia. Lakini nimeendesha malori maisha yangu yote, na gari lililoinama uani kwangu linaninyima usingizi. Ndivyo nilivyo, na sijaona sababu ya kubadilika.

Nikamwita fundi wa mtaani kwetu. Akalizunguka gari mara moja tu.

"Mzee, hapa tunapachika kipande cha chuma juu ya ekseli. Jioni unaondoka."

"Hatupachiki kitu," nikamwambia. "Tunatafuta ugonjwa."

Tulilipeleka kwenye sakafu ya saruji pale kituo cha mafuta, tukajaza matairi upepo sawasawa, tukapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Kulia kulikuwa chini kwa upana wa vidole vitatu. Basi tukafungua springi zote mbili za nyuma, ya kulia tukaifunga kushoto na ya kushoto kulia. Nati zilikuwa zimeng'ang'ania kwa kutu, na fundi alilalamika kazi nzima. Tuliposhusha jeki, gari likainama kushoto.

Fundi akashika kiuno, anaona tumeharibu. Mimi nilicheka kwa raha. Kama kuinama kumehama na springi, basi fremu ni nzima na ekseli ni nzima, na mgonjwa ni springi peke yake. Tukaifungua tena ile iliyotoka kulia, tukailaza chini. Pleti zake, zile bapa za chuma zilizobebana, ambazo zinatakiwa kuwa na upinde, zilikuwa zimenyooka kabisa.

"Mzee wako alikuwa mnene?" fundi akauliza.

Baba alikuwa mwembamba hata suruali zilimtoroka. Ila alikuwa na utaratibu wake wa kupakia, na kwetu kila mwenye gari anaufuata. Ukishuka na tangawizi, korongo liko kushoto na mlima uko kulia, kwa hiyo magunia mazito yanapangwa kulia, gari liegemee mlima. Kwa barabara ile ni busara. Kwa springi ni mateso, kwa sababu kila safari ya kushuka ilikandamiza upande uleule, na akipanda alipanda mtupu. Baba hakuanguka korongoni hata siku moja, na bili ya usalama wake ililipwa na springi ya kulia.

Nikaipeleka Hedaru kwa mhunzi anayetengeneza springi za malori. Akazifungua pleti, akazigonga moja moja mpaka upinde ukarudi, akazifunga upya. Niliporudi, fundi akairudisha mahali pake, akaanza kukaza bolti za bushi, ile mipira ya kwenye ncha za springi, gari likiwa bado juu ya jeki. Nikamkemea. Ukikaza springi ikiwa inaning'inia, mipira ya bushi inajikunja gari likishuka, na utapata kuinama kupya ulikojitengenezea mwenyewe. Shusha kwanza, libebe uzito wake, ndipo ukaze. Alinuna mpaka wakati wa chai, lakini alishusha.

Tukapima tena. Kulia na kushoto vililingana.

Mama akatoka na fimbo yake, akaingia, akajisogeza huku na huku akisikiliza nyonga. Kisha akanitazama. "Kesho," alisema. Usiku ule kaka alipiga simu na sikuipokea.

Tulipanda kupitia Mwembe, polepole, ukungu ukitupokea juu. Mama hakulalamika hata kwenye kona mbaya. Tulipofika nilifagia nyumba, nikamchotea maji, nikamwashia moto, nikapanga kuni karibu na mkono wake. Nilikuwa nachelewesha, na wote wawili tulijua. Mwishowe nikashika funguo.

"Nije kukuchukua lini, mama?"

Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mgongo umenyooka, mguu ameunyoosha kuelekea motoni.

"Usije kunichukua, mwanangu. Njoo kunisalimia."

Nikasema sawa, nikaenda kugeuza gari.