Kitovu cha Dari la Mbumbuni

Mwongeli alianza kukosa usingizi mwezi wa Agosti, siku ile dari lake lilipokataa kutandazika. Ni mjane wa mdogo wangu, marehemu Kyule, na tangu tumzike ndugu yangu mimi ndiye anayeletewa maneno yake mazito. Huyaleta asubuhi, amesimama nje ya mlango. Hagusi kiti mpaka amalize.

"Shemeji," aliniambia, "limejikunja."

"Limejikunja vipi?"

"Limeinuka kando zote kama bakuli. Tulilivuta, likarudi."

Nieleze kwanza hilo dari. Pale Mbumbuni, nyuma ya soko, wafadhili wa ng'ambo walikuwa wanajenga maktaba. Si nyumba ya kona nne kama tulizozizoea. Ni duara. Kuta zake ni udongo ulioshindiliwa tabaka juu ya tabaka, mwekundu na wa kahawia, na ukisimama mbali utadhani ni kilima kilichokatwa kwa kisu. Mabati yameinuliwa juu ya kuta kwa vyuma vyembamba ili upepo upite, kwa hiyo ukiwa barabarani paa linaonekana kama limeachwa hewani. Aliyeichora ni binti wa Kiislamu kutoka Garissa, jina lake Istahil. Tunamwita injinia, ingawa ametukataza mara nyingi akisema kazi ya injinia ni nyingine.

Istahil alikuwa akituonyesha picha za majengo ya dunia. Shule za udongo zinazobaki na baridi bila feni. Soko lenye paa la mawimbi. Kituo cha gari moshi kilichofanana na mbavu za samaki. Nilizitazama zote. Mimi sikupita darasa la nne, nilijifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungia nyama, na mpaka leo nasoma chochote kinachonifikia. Katika picha zile sikuona mzee hata mmoja aliyeketi mahali. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema wapiga picha huwaondoa watu.

Tatizo la mabati kila mtu analijua. Mvua ikianza, mwalimu hunyamaza. Ndiyo maana Istahil alitaka dari la kusukwa kwa katani, duara moja kubwa la kutundikwa chini ya mabati, limeze ule mlio. Akauliza ni nani anayejua kusuka. Akaletwa kwa Mwongeli.

Zamani swali hilo lingekuwa upuuzi. Mama yangu alisuka viondo, vile vikapu vyetu vya nyuzi, akienda mtoni, alisuka akirudi na mtungi mgongoni, alisuka akigombana na baba. Nyuzi zilitoka kwenye gome la mbuyu, zikitafunwa mdomoni mpaka zilainike. Mkono uliokuwa ukishika kiondo leo umeshika simu, na viondo vinavyouzwa Kambu kwa wasafiri wa Mombasa ni vya nailoni. Wanawake waliobaki na mkono huo hapa kwetu ni wachache, wote wazee, na mkubwa wao ni Mwongeli.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyeanza kitovu, maana ndivyo ilivyo desturi. Kiondo huanzia katikati ya tako lake, mahali nyuzi za kwanza zinapofungwa pamoja. Hapo tunapaita kitovu, na husukwa na mkono wa mtu mmoja tu. Kiondo kikichakaa hutupwa, au hufa na mwenye nacho, lakini kitovu hakipitishiwi kisu. Mama yangu angemwona mtu akikata kitovu cha kiondo angesema mtu huyo anamtakia mabaya aliyekisuka.

Wanawake hao walisukia chini ya banda la kanisa, wamelizunguka lile duara kama watu wanaokula sahani moja. Mutindi, ambaye ulimi wake haujawahi kuzeeka, hakunyamaza.

"Mwongeli, hiki kiondo tunamsukia nani? Mlima Mbooni?"

"Suka."

"Au umepata bwana mwingine, unataka kumficha humo?"

"Nikipata bwana nitakupa wewe, labda atakufunga mdomo."

Kosa liliingia hapo kwenye vicheko. Ili duara lizidi kupanuka likiwa bapa, lazima uendelee kuongeza nyuzi za kusimama. Ukiacha kuongeza, kazi huinuka yenyewe na kuwa ukuta wa kiondo. Wanawake wale wamesuka viondo maisha yao yote. Tako likifika ukubwa fulani mikono huacha kuongeza, bila kumwuliza mwenye mikono. Walijikumbusha, wakaongeza, wakazungumza, wakasahau, na mikono ikarudi kwenye kiondo. Walipolitandaza dari mwezi huo wa Agosti, halikuwa dari. Lilikuwa kiondo cha jitu.

Istahil alikuja kuliona. Mwongeli alimkuta mlangoni mwa banda kabla hajaingia.

"Mwanangu, tumeharibu. Tupe muda tufumue."

Istahil alilizunguka polepole. Akachuchumaa, akaangalia kwa chini. "Mama, usifumue," akasema. "Tutalitundika hivi hivi, tumbo likiangalia chini. Ni zuri kuliko nililochora mimi."

"Si zuri. Ni kosa."

"Kosa linaloweza kusimama si kosa."

"Na likianguka? Watoto watakuwa chini yake."

"Halitaanguka. Nitalipima mbele yako."

Akalipima kweli, simfichii sifa zake. Lilipokwisha kufungwa kwenye pete ya chuma alitia ndani magunia ya mchanga na kuyaacha humo. Dari halikulegea popote. Kila mtu alitosheka, isipokuwa mtu mmoja.

Tangu siku hiyo Mwongeli akawa mlinzi asiyeajiriwa na mtu. Asubuhi alipita pale kabla ya shamba, jioni baada ya shamba. Alisimama chini ya lile tumbo, akitafuta kwa macho uzi uliokatika. Kaloki, mlinzi wa kweli, alizoea kumfungulia bila kuuliza. Kanisani watu waliomba mvua. Yeye, nadhani, aliomba mambo mengine. Alikonda. Nilimwambia injinia ameshapima.

"Amepima mchanga," akanijibu. "Ile hofu yangu amepima na nini?"

"Unaogopa nini hasa, shemeji?"

"Naogopa mtoto wa mtu aumizwe na mkono wangu. Basi. Wakinicheka kwa ubaya wake nitavumilia. Hilo lingine sitaweza."

Ufunguzi ukawekwa Novemba. Mvua ya mwaka huu ilichelewa kama kawaida ya siku hizi. Zamani tulijua mwezi wake, sasa tunangoja kama mtu anayemngoja mdeni. Siku ile mawingu yalikuwa mazito upande wa Mbooni tangu asubuhi. Walipanga viti kwa mviringo, na katikati kabisa, chini ya kitovu, wakaweka kile kikubwa chenye kitambaa cheupe cha mgeni wa heshima. Kando yake kulikuwa na meza yenye maua na keki. Watoto wa shule walikaa chini kwenye mkeka, mbele ya meza.

Mwongeli aliingia, akaona ule mpango, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cheupe.

Bwana mmoja wa kamati, Mbaluka, alimwendea akiwa ameinama. "Mama, hapa ni pa mgeni."

"Mgeni akae pembeni."

"Mama, tafadhali. Jina lake liko kwenye kiti."

"Basi liondoe. Anayekaa hapa ni mimi. Na hawa watoto wasogezwe."

Mutindi alisema kwa sauti ya kufika mpaka sokoni, "Mwacheni, amekuwa mheshimiwa!" Watu wakacheka. Mbaluka hakucheka, ila mgeni alikuwa ameshafika mlangoni, na ikawa rahisi kumletea kiti kingine. Watoto wakasogezwa nusu ya njia tu.

Mvua ilianza wakati wa hotuba ya pili. Ilikuja kwa kishindo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliisikia mvua ya mabati ikiwa mbali, kama watu wanaopepeta mtama kwenye boma la jirani. Hotuba iliendelea. Istahil, aliyekuwa amesimama ukutani, alifumba macho kidogo akisikiliza. Nilimwonea furaha, na mimi si mtu wa kuwafurahia vijana.

Kisha nikamwona Mwongeli ameinua uso.

Mahali mabati yanapopishana, maji yalikuwa yamepata njia. Hayakuwa yakitudondokea. Yalikuwa yakiingia ndani ya dari, na dari lilikuwa limesukwa na mikono iliyobana sana, mikono ya watu wanaosuka kiondo cha kubeba mtama mdogo bila kupoteza punje. Lile tumbo lilikuwa linajaa. Katani iligeuka rangi kutoka katikati, duara la kahawia likipanuka, na tumbo likazidi kushuka. Pete ya chuma ikalia.

Watu wakakimbia, viti vikaanguka. Watoto waliinuliwa kwa mikono, wengine kwa kola za mashati. Istahil alikuja mbio akimpita mgeni wa heshima.

"Mama, toka hapo! Lazima likatwe katikati, maji yatoke, yakizidi pete itang'oka! Leteni kisu!"

Kisu cha kukatia keki kilikuwa mezani. Mbaluka alikichukua, akavuta meza chini ya kitovu na kupanda juu yake. Mwongeli akamshika mguu.

"Shuka."

"Mama, litaanguka!"

"Nimesema shuka. Nipe."

Akapanda yeye, mwanamke wa umri ule, miguu mitupu juu ya kitambaa cha maua. Mutindi alishika meza upande mmoja, Istahil upande wa pili. Tumbo lilikuwa limeshuka hata likagusa kitambaa cha kichwa chake. Aliinua kisu, halafu akasimama. Najua kilichomzuia. Ingekuwa mahali pengine popote pa dari lile, angekata bila kufikiri. Midomo yake ilitikisika. Sijui kama alikuwa akiomba au akimwomba radhi mama yake.

Akaingiza kisu kwenye kitovu.

Maji yalimwagika yote juu yake, mekundu kwa vumbi la mabati, yakamfanya asionekane. Meza iliyumba. Tulipomwona tena alikuwa amejikunyata, amemshika Istahil shingoni, na juu yao dari lilikuwa likipanda polepole kurudi mahali pake, likidondosha matone. Mizunguko ya nyuzi iliyo jirani na tundu ilishika. Hakuna aliyeumia.

"Umeoga sasa," Mutindi akamwambia, huku analia. "Mgeni wa heshima umeoga."

Baadaye Mwongeli alirudi kuzifunga ncha za nyuzi alizokata ili tundu lisiendelee kufumuka. Mabati yalizibwa. Kamati ilitaka kitovu kishonwe upya, akakataa. Tundu likiwa wazi, alisema, anajua hakuna kitu kinachojikusanya humo bila yeye kujua. Sasa mwanga huanguka kutoka pale mpaka sakafuni. Wapiga picha wamekuja kutoka mbali, na katika picha zao hamna mtu. Nimesoma mahali kwamba tundu lile ni jicho lililobuniwa kwa ustadi mkubwa. Istahil amewaandikia kuwasahihisha. Hawajajibu.

Juzi asubuhi Mwongeli alikuja kwangu. Nikasimama mlangoni kungoja maneno mazito. Alinipita, akavuta kiti, akakaa.

"Shemeji," akasema, "kuna chai?"